Kasha Lenye Droo ya Siri: Tulinde Amana Bila Kujitia Kitanzi



Ndugu zangu na dada zangu, haya ni mazungumzo niliyotoa mbele ya vijana wetu baada ya swala ya Isha. Wengi mliomba niyaweke hapa kwenye ukurasa. Kuna waliokosa nafasi ya kufika, na kuna waliofika wakaniambia, "Kaka, ulienda mbio." Basi nimeyaandika vile nilivyosema, nimepunguza tu yale maneno ya njiani.

Yote yalianza na swali. Kijana mmoja, hodari sana wa kompyuta mashaallah, aliniuliza hivi: "Kaka, kuna programu unaweka maneno ya siri mawili. Polisi wakikushika unawapa moja, wanaona picha za harusi tu. Lile la pili wala hawajui kama lipo. Si hapo umeshawamaliza?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini swali lile lilinigusa, kwa sababu miaka michache nyuma mimi mwenyewe nilifikiri hivyo hivyo, na nikaliwa. Nitafika hapo. Kwanza tuelewane hicho kitu chenyewe ni nini.

Mnayajua makasha ya zamani ya huku kwetu pwani, yale ya mbao yenye misumari ya shaba. Mengine yana droo ya siri. Mgeni akifunua kifuniko anaona leso na kanzu zimekunjwa. Dhahabu ya bibi iko kwenye droo ambayo usipoonyeshwa huioni. Programu ya VeraCrypt inafanya kazi hiyo kwenye data, na kabla yake ilikuwepo TrueCrypt, iliyotoka mwaka 2004 na kuachwa na watengenezaji wake 2014.

Unatengeneza faili moja kubwa. Hilo ndilo kasha. Kila kinachoingia ndani kinasimbwa, yaani kinageuzwa vurugu isiyosomeka mpaka uweke neno la siri. Na ile nafasi iliyobaki tupu nayo inajazwa vurugu ya aina hiyo hiyo. Sasa, ndani ya nafasi hiyo inayoonekana tupu, unaficha kasha la pili lenye neno lake la siri. Neno la kwanza linafungua la nje, neno la pili linafungua la ndani. Mtaalamu akiliangalia lile faili peke yake, hawezi kusema kama ile vurugu ni nafasi tupu au ni kasha lingine. Kwa hiyo ukisema "hamna kitu kingine humo," hana cha kukupinga nacho. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo iliyomfurahisha yule kijana.

Mtu asije akasema hizi ni hila za wahalifu. Mwaka 1997 Julian Assange, Suelette Dreyfus na Ralf Weinmann walianza programu ya namna hii walioiita Rubberhose, na waliowafikiria ni watetezi wa haki za binadamu walioko mashinani, wale wanaobeba ushahidi wa mateso katika nchi ambazo ukikamatwa unapigwa. Hilo jina lenyewe ni kipande cha mpira wa maji, kile cha kumpigia mtu mpaka aseme.

Na sisi Waislamu elimu hii si ngeni kwetu. Al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika namna ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi zinazojirudia. Hata neno "sifuri" tunalolitumia dukani linatokana na Kiarabu "sifr", na Wazungu walilichukua neno hilo hilo mpaka wakaliita jina la maandishi ya siri. Kisha Suratul Hujurat imekataza watu kupelelezana, na siri uliyopewa na mwenzako ni amana. Basi kuficha si aibu. Tunalojadili hapa ni jambo lingine: hiyo droo ya siri itakulinda kweli siku ya siku?

Tuangalie mahakamani, maana huko ndiko watu wanakotumaini itawasaidia.

Mwaka 2012 huko Marekani, mahakama ya rufaa inayokaa Atlanta ilisikiliza kesi ya mtu aliyekataa kufungua diski zake zilizosimbwa kwa TrueCrypt. Mtaalamu wa serikali alipoulizwa, alikiri kwamba hawezi kujua kama mle ndani kuna mafaili au ni vurugu tupu. Mahakama ikasema: kama hamjui hata kama kitu kipo, basi kumlazimisha afungue ni kumlazimisha atoe ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akashinda. Mnaona? Hapo droo ilifanya kazi.

Lakini nchi hiyo hiyo kuna mwingine, aliyekuwa polisi Philadelphia, naye alikataa kufungua diski zake. Yeye dada yake mwenyewe aliwaambia wachunguzi kwamba alishaonyeshwa kilichomo, na kompyuta yake ikatoa alama nyingine zilizolingana na maneno ya dada. Alikaa ndani zaidi ya miaka 4, kuanzia 2015 mpaka 2020, bila kuhukumiwa kwa kosa lenyewe, kwa kukaidi tu amri ya kufungua. Tuhuma za watu hawa wawili zilikuwa chafu na hakuna wa kumwiga pale. Nawataja kwa ajili ya sheria tu. Wa kwanza hakukuwa na kitu kingine kinachosema. Wa pili kulikuwa na dada na kulikuwa na kompyuta.

Uingereza nako wana sheria ya mwaka 2000, sehemu yake ya kudai funguo ikaanza kutumika 2007. Ukiamriwa kihalali utoe neno la siri ukakataa, unaweza kufungwa mpaka miaka 2, na ikisemwa ni jambo la usalama wa taifa, mpaka 5.

Sasa sikizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanateleza. Lile faili linaweza kunyamaza kabisa, lakini kompyuta yako ni mbea. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington pamoja na Bruce Schneier, mtaalamu anayejulikana sana, waliichunguza TrueCrypt ya wakati huo. Kasha lenyewe hawakulivunja. Waliangalia pembeni tu. Wakakuta Windows imehifadhi orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, na Word imejiwekea nakala zake za muda, nje ya kasha. Yaani umeficha barua kwenye droo, halafu mfanyakazi wa nyumbani ameandika kwenye daftari: "Leo bosi amesoma barua ya fulani, iko droo ya chini."

Na si hayo tu. Kasha la nje lina picha tatu za Idi, hazijaguswa miaka miwili, na faili lina ukubwa wa kujaza filamu kumi. Afande yeyote mwenye akili atakuuliza, "Kijana, hili sanduku lote ni la picha tatu?" Utamjibu nini?

Nije kwenye yangu.

Nilikuwa nimemaliza diploma, moto moto, nimejiunga na kazi ya kusaidia familia ambazo watoto wao walichukuliwa na hawakurudi. Mama mmoja alinipa maelezo yake. Tulikaa naye jioni nzima, nikarekodi sauti, nikapiga picha za karatasi alizozitunza: namba ya OB, barua, kipande cha karatasi chenye namba ya gari kilichoandikwa kwa mkono wa jirani. Nikamwahidi, "Mama, hii haitamfikia mtu asiyehusika." Nikarudi nyumbani nikaviweka vyote kwenye kasha la ndani. Nakala moja tu, kwa sababu niliona nakala nyingi ni hatari.

Wiki chache baadaye nikasema wacha kasha la nje lionekane la kawaida. Nikalifungua kwa neno la kwanza, nikamwaga humo video za mpira na mihadhara. Sasa kumbukeni nilivyowaambia: kasha la ndani linakaa kwenye nafasi ambayo la nje linaiona tupu. Programu haijui kama kuna kitu pale, ndio maana inaweza kukana. Kuna namna ya kuiambia ilinde sehemu ile, kwa kuweka maneno yote mawili kabla ya kuandika. Mimi sikuiweka. Video zikaandikwa juu ya sauti ya yule mama. Nilipoweka neno la pili, hakukufunguka kitu.

Hakuna polisi aliyenishika. Hakuna aliyevamia nyumba yangu. Niliiua amana kwa mkono wangu mwenyewe, nikiificha na adui ambaye siku hiyo hata hakuwepo.

Nilirudi kwa mama nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo nianze tena?" Akaanza tena. Karatasi nyingine alikuwa nazo bado, alhamdulillah. Ile ya namba ya gari alikuwa amempa mtu mwingine na haijarudi mpaka leo. Na maelezo ya mara ya pili hayakuwa kama ya kwanza. Kuna mambo aliyoyasema ile jioni hakuyasema tena, na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza.

Sasa kuna jambo kubwa kuliko hilo, na ningependa mwende nalo nyumbani.

Hii droo ya siri inategemea kwamba anayekuhoji hawezi kuthibitisha kuwa ipo. Sawa. Lakini igeuze upande wa pili: na wewe pia huwezi kuthibitisha kuwa haipo. Mbele ya hakimu, hilo linakusaidia, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka. Lakini mtu aliyekufungia chumbani bila wakili, bila kitabu cha OB, yeye hana mzigo wowote. Umempa neno la kwanza, atasema, "Na la pili?" Umempa la pili, atasema, "Na la tatu?" Wewe umemaliza kila kitu, yeye hana sababu ya kuacha. Tena fikiria kijana asiye na droo yoyote, aliyeweka tu ile programu kwa sababu rafiki alimwambia ni nzuri. Anasema kweli tupu, na hana namna ya kuonyesha kuwa ni kweli. Wallahi hilo ndilo linalonitisha zaidi. Katika chumba kisicho na sheria, uwezo wa kukana unamwondolea hata asiye na kitu njia ya kujitoa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya harakati kama yetu si kutafuta programu. Ni kuhakikisha mtu wetu akishikwa anajulikana yuko wapi, ana wakili, na anafika mbele ya hakimu.

Tumeyaona haya hapa kwetu. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilitoa orodha ya watu na mashirika yanayodaiwa kuhusiana na ugaidi. Ndani yake wakatiwa MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya hapa Mombasa. Akaunti zao zikafungwa. Maafisa wa ushuru wakaingia ofisini mwao wakabeba kompyuta na makaratasi. Mlikuwa wadogo baadhi yenu, lakini fikirieni: ndani ya kompyuta za ofisi kama hizo mna maelezo ya kina mama wangapi? Kilichowatoa ni mahakama. Walikwenda kortini, na Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru akaunti zao zifunguliwe. Ilichukua miezi, na katika miezi hiyo kazi iliumia. Lakini walisimama hadharani wakasema sisi ni nani na tunafanya nini.

Kuna Muislamu mwingine nataka mumjue. Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa shirika la CAGE la Uingereza. Novemba 2016 alikuwa anarudi kutoka Qatar, alikokutana na mtu anayedai kuteswa akiwa mikononi mwa Wamarekani. Uwanja wa Heathrow wakamsimamisha kwa Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya 2000, ambalo linawaruhusu kumhoji msafiri hata bila kumshuku kwa lolote. Wakadai maneno ya siri ya simu na kompyuta. Rabbani hakuwaambia "nimesahau." Hakuwapa neno la uongo. Aliwaambia wazi kwamba hatatoa, kwa sababu mle ndani kuna siri za mtu aliyemwamini. Septemba 2017 mahakama ya Westminster ikamkuta na hatia. Adhabu? Aachiliwe kwa sharti la miezi 12 bila kufanya kosa lingine, na alipe gharama za pauni 620. Akakata rufaa, 2018 akashindwa.

Kwa hivyo alipoteza kesi, nami sitawapamba. Lakini angalieni alichobaki nacho. Hakuna aliyeweza kumwita mwongo. Kesi yake iliwafanya watu wengi waulize maswali kuhusu sheria ile. Na amana ya yule aliyeteswa haikutoka mkononi mwake. Tena yeye aliingia akijua bei, akachagua kuilipa. Asiwaambie mtu kwamba kukataa hakuna bei.

Sasa Kenya. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha yako na ya mawasiliano yako. Kifungu cha 49 kinasema ukikamatwa una haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, ya kutolazimishwa kukiri, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukiongezwa, uongezwe na mahakama, si na afande. Kifungu cha 50 kinakupa haki ya kutojitolea ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Upande wa pili kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018. Kifungu cha 48 kinampa polisi njia ya kuomba kibali cha mahakama cha kupekua kompyuta na kuchukua data. Kifungu cha 54 kinasema anayezuia kazi hiyo ikifanywa kihalali, ikiwemo kuharibu data, anaweza kutozwa faini mpaka shilingi milioni 5, au kifungo mpaka miaka 3, au vyote viwili. Kifungu hicho hicho kinamfanya polisi anayetumia vibaya mamlaka haya naye awe na kosa. Haki ya kunyamaza iko huku, kibali kiko kule, na hapo katikati ndipo wakili anapofanya kazi. Usijifanye wakili wewe.

Niwape mambo machache ya kushika.

Moja, usibebe usichokihitaji. Kitu ambacho hakipo kwenye simu yako hakuna wa kukutoa nacho. Safisha mapema, kama tabia ya kila wiki. Ukishajua kuna uchunguzi au kibali, usifute kitu. Hapo kufuta kunakuwa kosa lenyewe.

Mbili, simba simu na kompyuta yako yote, kwa neno refu la siri, na ukifika mahali pa wasiwasi izime kabisa badala ya kuifunga kioo tu. Hili si la kuficha. Kila mwenye benki kwenye simu analihitaji.

Tatu, maelezo ya watu yasikae kwa mtu mmoja wala mahali pamoja. Nakala iwe kwa wakili, pale kuna kinga ya kisheria kati yake na mteja. Kama ningefanya hivyo, yule mama asingeanza tena.

Nne, ukishikwa, omba kuona kibali, omba wakili, kisha nyamaza. Kunyamaza ni haki yako. Kumpa afisa wa serikali habari ya uongo ni kosa, na uongo mmoja ukigunduliwa, hata ukweli wako wote unaingia shaka. Mambo ya dharura, mtu akihofia nafsi yake, waulizeni masheikh, mimi si mahali pangu.

Tano, wakichukua kifaa, wakili adai orodha iliyoandikwa ya kila kilichochukuliwa. Kikirudi, usikitumie kabla ya mtaalamu kukiangalia.

Sita, namba ya wakili ihifadhi kichwani. Simu itakuwa kwao.

Yule kijana aliyeuliza swali alinifuata baada ya mazungumzo. Akaniambia, "Kwa hivyo niifute ile programu?" Nikamwambia hapana, si haramu wala si kosa, itumie kama kasha la kawaida lenye kufuli imara. Mtu akikuuliza kama lina kitu, sema lina amana za watu, na mazungumzo mengine ni na wakili wangu. Akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo ni ngumu kuliko kudanganya." Nikamwambia ndio, ndio maana tunafanya mazoezi pamoja. Jumamosi inshallah tutakaa na wakili, tuigize: mmoja afande, mmoja aliyeshikwa. Yeyote anakaribishwa, kina dada pia, na mje na maswali yenu.

Mwenyezi Mungu awalinde waliotuamini na siri zao, na awarudishe waliochukuliwa kwa mama zao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.